Akaunti ya Marehemu

Skolastika aligawa akaunti kama mama mwenye nyumba anavyogawa funguo, kwa jicho kali. Kampuni ya Dar es Salaam iliyotunza kanzidata ya wakulima wa korosho ilimfanya msimamizi wa ofisi ya Lindi, na kila aliyetaka kuingia kwenye kompyuta ilibidi apitie kwake. Alimfungulia akaunti, akageukia ukutani ili mtu achague neno lake la siri, kisha akamsomea hotuba yake: neno hili hapewi mke, hapewi mume, hapewi hata meneja. Kazi hiyo aliipenda mno. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kampuni zinazaliwa na kufa, na binti wa kijijini Rondo kushika madaraka ya namna ile halikuwa jambo dogo.

Mmoja tu hakugeukiwa ukuta. Sebastiani, baba yake mdogo, karani wa ofisi hiyohiyo, macho yake yalikuwa yamechoka, akaomba Skolastika amchagulie neno la siri na kumwandikia.

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto Sebastiani alipougua na kufariki. Walimzika Rondo. Dadi, karani mwingine, mtu wa Kiranjeranje, alikuwa mtani wa ukoo wao, naye alifika msibani amevaa koti la marehemu na miwani yake, anatembea kwa kuchechemea kama yeye. Waliolia wakacheka, kama inavyotakiwa. Jeneza lilipokaribia kuteremshwa, Dadi akarukia kaburini akalala chali. Padre akafunga kitabu akasubiri, maana mtani akishafika hapo hupewa anachotaka. Watu walidhani ataomba kuku.

"Koti lake ninalo," Dadi alisema kutoka shimoni, akimnyooshea kidole Skolastika. "Sasa nataka na lile neno lake la kwenye kompyuta. Bila hilo sitoki."

Watu walivunjika mbavu. Skolastika hakucheka. Angeweza kumpa neno la uongo, lakini kumdanganya mtani mbele ya maiti lingekuwa jambo la aibu kwa ukoo mzima. Aliinama akamnong'oneza. Dadi akapanda juu akijipangusa udongo.

Siku ya kurudi kazini, ujumbe wa Sebastiani ulitokea kwenye kila kompyuta, kuanzia Lindi mpaka Dar: "Nimefika salama. Huku hakuna kompyuta wala Skolastika. Msinisubiri." Ofisi ya Lindi ilicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Dar hawakucheka. Abdulrahmani, mkuu wa mitambo, alipiga simu kutaka kujua mtu aliyezikwa ameingiaje kwenye kanzidata yake. Skolastika alimweleza habari za mtani. Bwana yule akauliza kama mtani ni cheo katika ofisi ile, na kama si cheo, nani amempa neno la siri.

Angeweza kusingizia kikaratasi kilichookotwa. Alijua jibu la kweli litamgharimu nini.

"Nilimpa mimi," alisema.

Dadi alipewa onyo. Skolastika aliamriwa afunge akaunti ya marehemu kwa mkono wake mwenyewe, kisha na yeye angevuliwa usimamizi, abaki mtumiaji kama wengine. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika. Alibonyeza ndiyo, akashangaa kuona hasikii chochote moyoni. Baada ya muda mfupi kile kitufe cha kufungulia watu akaunti kikatoweka kwenye kioo chake.

Jioni Dadi alikuja, koti la marehemu amelivua. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nisamehe, Skolastika," alisema. "Nimekuponza."

Tangu azaliwe, Skolastika hakuwahi kusikia mtani akiomba radhi. Mtani haombi radhi, na akiomba, utani umekwisha. Maziko aliyapita kwa macho makavu, simu ya Dar vilevile, lakini hili lilimshinda. Alianza kulia.

"Usiniombe msamaha, mtani," alimwambia. "Ukiniomba, nitajua amekufa kweli."

Dadi akavaa kofia yake, akavuta kiti, akasema kwa kuwa sasa bibi mkubwa hana madaraka wala kazi ya maana, basi angalau amchemshie chai.

Skolastika akainuka kubandika birika, huku analia.