Tochi ya Elfu na Mia Mbili

Nyamvula alipofika kibandani kwa Luqman mara ya pili wiki ile, hakusalimu. Na mama mzima wa Likoni asiyesalimu, ujue yamemfika shingoni. Aliitua ile tochi mezani, katikati ya chaja na kufuli za Luqman, akashika kiuno.

"Nirudishie pesa yangu."

"Shikamoo, mama," Luqman akasema taratibu, kana kwamba hajasikia neno.

"Marahaba. Pesa yangu."

Tochi yenyewe ilikuwa ya kuchaji, nyeusi, nene, imejaa mkononi. Nyamvula aliinunua Jumatatu kwa elfu na mia mbili, na elfu na mia mbili kwa mtu auzaye viazi karai ni wiki mbili za kuunguzwa na mafuta. Hakununua kwa kupenda. Mumewe, Gona, ni mlinzi wa usiku katika yadi moja ya mbao, njia ya Mtongwe, na mwezi uliopita wezi walipitisha mbao kumi na mbili juu ya ukuta yeye akiwapo. Si kwamba alilala, la! Msimamizi alimkuta amesimama wima, rungu mkononi, macho kodo, na mbao hakuna. Akamwambia, "Mzee, ukipotea ubao mmoja tena, lete sare yangu uende kwako." Gona akasema ni tochi, ile yake ya zamani imechoka. Sasa mtu wa miaka hamsini na sita akivuliwa sare, nani atamvisha nyingine? Ndiyo maana Nyamvula akanunua. Na usiku wa kwanza tu Gona alirudi asubuhi akaitupa kitandani. "Mwanga wake kama kifungo cha shati. Mama Kadenge, umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Basi hayo yote Nyamvula aliyamwaga pale, kwa sauti ambayo hata wauza samaki wa ng'ambo ya njia waligeuka.

Luqman alimngoja amalize. Ni mtu wa maneno mengi Luqman, kutwa kucha anaita wateja, "Mwenye macho haambiwi tazama! Rahisi yavunja upishi, njoo uchukue kitu!" lakini mteja akija na hasira yeye huwa mpole kama maziwa. "Mama, Jumatatu uliingia kwenye katoni?"

"Nilikuwa na beseni kichwani. Ningeingiaje?"

"Basi ingia leo. Halafu unitukane vizuri."

Kwa Luqman hakuna mambo ya karatasi za dhamana. Dhamana yake ni katoni ya friji aliyoisimamisha nyuma ya meza, mlango wake ni baibui kuukuu la mamake. Ndani kabandika karatasi ya kalenda, mwezi wa tano. Tochi haipimwi juani, husema Luqman, juani hata kiberiti chajifanya mwenge. Unaingia, unashusha baibui, unawasha, unasoma tarehe. Ukizisoma, nunua. Ukinunua, usinirudie. Likoni nzima wanaijua sheria hiyo na hakuna aliyewahi kurudishiwa hata shilingi.

Nyamvula akaingia, akawasha. Mama wee! Alifumba macho kwa kuungua. Alipoyafumbua aliona tarehe zote, ya kwanza mpaka thelathini na moja, akaona jina la duka lililochapisha kalenda, akaona mpaka mbu aliyebandikwa na kofi juu ya kumi na tisa. Akatoka ameinamisha uso.

"Ina makosa?" Luqman akauliza.

"Haina."

"Swichi yake ina mibano mitatu. Mmoja mwanga mkubwa, wa pili mdogo, wa tatu wa kupepesa. Pengine mzee anabana mara mbili."

Kumbe ndiyo hivyo! Nyamvula alirudi nyumbani moyo mweupe. Alimfundisha Gona kubana, mara moja tu, baba Kadenge, usizidishe, na Gona akabana, na jioni ile akaenda kazini na jua bado liko juu, kama desturi yake ya siku hizi. Zamani alikuwa akitoka saa moja kasorobo, mbio mbio. Sasa saa kumi na moja yuko barabarani. Mkewe akiuliza, anasema mtu mzima hakimbii.

Asubuhi alirudi na kidonda muundini. Alikuwa amejigonga kwenye rundo la mbao ambalo yeye mwenyewe alisaidia kulipanga.

"Vipi tochi?"

"Ni ileile. Kifungo."

Hapo Nyamvula alikasirika, na tumwache akasirike, maana hakuwa anajua. Mwanamume huyu siku hizi kawa na kisirani! Anamimina chai nje ya kikombe na kumlaumu aliyekiweka kikombe. Anakanyaga kuku. Ukimpa kitu kutoka ubavuni hakipokei mpaka ageuze kichwa chote, kama jogoo. Uzee umemwingia na kiburi, Nyamvula akawaza, hata kitu kizuri hakioni kizuri. "Haya," akasema, "leo twende sote. Ukamwambie Luqman mwenyewe machoni."

Walitoka saa kumi, Gona na sare yake tayari, ili akitoka huko apitilize kazini. Njiani alijipiga kwenye mkokoteni wa maji uliokuwa umesimama tu, hauendi popote. Akamtukana msukumaji wake. "Vijana wa leo hata honi hawapigi!" Mwenye mkokoteni akamtazama Nyamvula, na Nyamvula akatazama chini kwa aibu.

Luqman akampokea vizuri. "Shikamoo, mzee wangu. Karibu katonini, uhukumu mwenyewe."

"Marahaba. Mimi nalinda miaka kumi na tisa," Gona akasema, "tochi nazijua." Akaingia, akashusha baibui.

Mbano mmoja ulisikika. Palepale mwanga ukatoka kila pembe ya katoni, chini, juu, kwenye matundu ya pini, hata viatu vya Nyamvula vikang'aa. Alitabasamu. Leo mzee ataona haya.

"Soma, mzee," Luqman akasema.

"Naona kumi na tisa," sauti ikatoka ndani. "Na mbu."

"Sawasawa. Na nyingine?"

"Nyingine zipi?"

Luqman alikuwa akikunja waya wa chaja. Aliuacha.

"Ngoja," sauti ikasema. "Hii hapa, ishirini. Imetoka wapi hii? Ngoja... ishirini na sita. Yamulika moja moja, kijana. Ukipata hii, ile imepotea."

Nyamvula alitazama miguu yake iliyojaa mwanga. Moyo ulimlipuka paa! Chai ile, kuku wale, kile kichwa cha jogoo, kutoka kazini na jua, yote yakamjia kwa pamoja. Alimshika Luqman mkono bila kujua amemshika.

"Mamangu alianza hivyohivyo," Luqman akamnong'oneza. "Pembeni kwanza. Mpeleke akapimwe macho, mama, mpeleke kesho. Lakini nisikudanganye. Mamangu, daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki ndicho hushikiliwa, kwa dawa ya matone, kila siku, maisha."

"Na kazi?" Nyamvula akauliza.

Baibui likafunuka. Gona akatoka akipepesa macho, uso umechangamka kwa ushindi. "Kijana, hii bei yake mia nne. Elfu na mia mbili ni wizi wa mchana."

Na Luqman, ambaye hajawahi kumrudishia mtu hata shilingi, aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akamkunjia Nyamvula kiganjani. Hakubishana. "Umesema kweli, mzee wangu. Nisamehe."

"Umeona?" Gona akamwambia mkewe. "Wakijua unaijua mali, hawakuchezei."

Nyamvula alizishika zile pesa. Siku tatu alizililia, sasa alitamani azitupe baharini. Laiti Luqman angemtukana! Laiti angesema mali ikiuzwa hairudi, watoke pale wakigombana naye, wakiamini tochi ni mbovu! Alitaka kulia na hakuweza, kwa sababu mumewe alikuwa anacheka.

Walitembea. Alimpitisha upande wa ukuta, akatangulia nusu hatua, akisogeza watu kwa kiwiko bila kusema. Walipofika penye njia ya Mtongwe, Gona hakuwa anacheka tena.

"Mama Kadenge."

"Abee."

"Wewe ulipoingia mle, uliona tarehe ngapi?"

Nyamvula angeweza kusema moja. Neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini.

"Zote," akasema. "Zote, baba Kadenge. Kwa mara moja."

Gona aligeuza kichwa chote mpaka akaupata uso wa mkewe, akautazama kitambo, kisha akageuka kulitafuta jua. Lilikuwa limeshuka usawa wa mabati.

"Basi tukaze mwendo," akasema, akanyoosha mkono ashikwe. "Nifike kabla halijatua."