Meli Iliyotia Nanga Elgon View

Jumatatu asubuhi Wahome alikuwa kwenye veranda akipaka mkate siagi wakati meli ilipoingia mtaa wa Elgon View, Eldoret. Ilitokea upande wa mashamba, ikipita polepole juu ya mahindi, nayo mahindi yakalala na kuinuka tena nyuma yake. Kibet, bawabu, alifungua geti lote. Meli haikutosha, kwa hiyo ikapita juu ya ukuta na kutia nanga nyuma ya nyumba, kando ya kamba za kuanikia nguo.

Wangeci, mkewe Wahome, aliuliza kama itakaa sana. Wahome alisema hajui. Alikuwa ameitambua kabla ya kusoma jina lake ubavuni: Salome.

Wahome alikuwa dalali wa meli za mafuta. Watu wengi mjini walidhani ana petrol station, naye hakuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wenye dizeli na mafuta ya taa meli ya kukodi, kupatana na mwenye meli, na kuhakikisha mzigo unafika bandarini kwa wakati. Kazi hiyo haihitaji kuishi karibu na bahari. Inahitaji simu, na Eldoret network ni nzuri.

Salome ilikuwa meli kuukuu. Aliikodi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na wenye mzigo walikuwa na haraka. Kabla haijang'oa nanga, kapteni alimpigia simu kusema kwamba bati la tangi moja limeliwa na kutu, dizeli inavuja hadi chumba cha pampu, na angependa kungoja mafundi. Wahome alimwambia atoke tu, mafundi watamkuta Mombasa. Meli ikashika moto njiani, ikazama na wote waliokuwa ndani. Waliochunguza walisema ilikuwa bahati mbaya. Hakuna aliyemuuliza Wahome kitu.

Mmoja wa waliozama alikuwa Khisa, mtoto wa Nelima, mama kutoka mtaa wa Munyaka aliyekuwa akija kuwafulia nguo. Wahome ndiye aliyemtafutia kijana ile kazi. Nelima alimletea jogoo wa shukrani, wakamla Krismasi.

Sasa Khisa alikuwa juu ya Salome, amevaa ovaroli, anasugua sitaha. Maji ya chumvi yalimchuruzika mikononi, na nyasi zilizokuwa chini ya meli zilianza kukauka. Wahome alishuka, akaenda kusimama karibu.

Khisa alimwamkia kwa heshima. Wahome akauliza kama kuna kitu wanahitaji. Khisa alisema hapana, wako sawa. Halafu akamweleza, bila hasira, kwamba siku ile kapteni alikuwa ameweka simu kwa loudspeaker, na wote walisikia.

"Mama hajui," alisema. "Mimi sitamwambia. Ukitaka, mwambie wewe, Mzee."

Nelima alifika saa tatu. Aliitazama meli, akamtazama mwanawe, akaweka mkoba chini.

"Umekula?"

"Tunakula, mama. Lakini kila kitu kinanuka dizeli."

Alimwambia amekonda. Kisha akaloweka mashuka, maana ilikuwa siku ya mashuka.

Tangu hapo alikuwa akija na ugali na mrenda kwenye hotpot, naye Khisa akishusha ndoo kwa kamba kuvipokea. Jirani alilalamika kwamba meli inaizibia solar yake jua. Mwenyekiti wa estate alikuja, akaizunguka, wakakubaliana kwamba injini isiwashwe Jumapili wakati wa ibada. Wangeci alihamishia sukuma wiki zake mbele ya nyumba. Maisha yakaendelea.

Ila Wahome hakuweza tena kunywa chai. Ilimnukia dizeli. Alibadilisha kikombe, akabadilisha mtu wa maziwa, mwishowe akaacha kabisa. Kila Nelima alipokuja kufua, Wahome alitoka akiwa ameamua kumwambia kuhusu ile simu. Akifika kwenye kamba alimwambia kwamba jua ni kali leo, au kwamba sabuni ikiisha aseme. Khisa alikuwa akimtazama kutoka juu, kisha anageuka.

Alhamisi moja Nelima alimtangulia. Alijipangusa mikono kwenye leso, akamjia.

"Mzee, nimekuwa nikitaka kukushukuru," alisema. "Watoto wa wengine walibaki huko ndani ya maji. Wangu umeniletea mpaka hapa. Namuona."

Juu, brashi ya Khisa ilinyamaza. Wahome alifungua kinywa. Maneno yenyewe yalikuwepo, tena mafupi, ameshayapanga tangu asubuhi. Nelima alikuwa akingoja, akitabasamu.

"Karibu, mama," Wahome alisema.

Brashi ikaanza tena kusugua.

Simu ililia ndani ya nyumba. Alikuwa kapteni wa meli nyingine, iliyojaa mafuta ya taa, anasema usukani unakwama na wimbi likiwa kubwa hataweza kuigeuza. Aliomba asubiri. Wahome alisikiliza huku akitazama dirishani, ambako Nelima alikuwa anafunga chakula cha mwanawe kwenye ndoo. Alifikiria wenye mzigo. Akamwambia kapteni aondoke.

Alikata simu. Kisha alimwita Kibet, akamwagiza atafute fundi wa kuubomoa ukuta wa nyuma na kuusogeza hadi kwenye ploti iliyo wazi, kwa sababu nafasi iliyobaki haingetosha meli nyingine.