Maji ya Kuoshea Kalamu

Maji ya kwanza hutoka ya buluu. Naitumbukiza ncha ya kalamu kikombeni, nabana kipampu chake cha kuvutia wino, naachia, nabana tena, na wingu la buluu linashuka taratibu hadi kwenye kitako cha kikombe. Maji ya pili ni ya buluu hafifu. Yakishakuwa meupe naikung'uta kalamu, naifuta, naijaza wino mpya. Kila Ijumaa, kabla sijafungua duka. Siraj, mume wangu, hulalamika kwamba kalamu inaogeshwa kuliko yeye. Namjibu kwamba yeye ana mikono.

Si kalamu ya maana. Ni ya Kichina, bati jeusi, klipu imelegea, maandishi ya kwenye kifuniko yalifutika zamani. Wateja wangu hapa Kasese, wanaokuja kununua mabeseni na chupa za chai, wakiniona naandika nayo hucheka, huniuliza kama nimekuwa hakimu. Cheko lao halinipunguzii kitu. Wao kalamu zao wakizipoteza wananunua nyingine, na hii imenifundisha maana ya usipoziba ufa utajenga ukuta kuliko walimu wote walionichapa kule Bwera.

Bwera ndiko nilikozaliwa, na kalamu ilianzia huko, kwa ajili ya baba.

Baba yangu, Haji Wahab, aliendesha lori maisha yake yote. Akiwa nyumbani, alasiri aliwasomesha watoto wa mtaa Kurani, na aliandika kombe. Kwa asiyejua: unachukua sahani nyeupe, unaandika aya kwa zafarani iliyolowekwa kwenye maji ya waridi, halafu unaisuuza sahani kwa maji safi, na mgonjwa anayanywa yale maji, maneno yote yakiwa ndani. Baba aliandika kwa kijiti cha tete alichokichonga mwenyewe. Hata Erina, jirani yetu mlokole, aliwahi kupitia mlango wa uani akiwa na mtoto mwenye homa, na Jumapili akaenda kanisani kuimba kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza.

Kiharusi kilimkuta barabarani, pale Munkunyu, lori limejaa mahindi. Alilisogeza pembeni mwenyewe, akazima injini, akavuta breki, ndipo mkono wa kulia ukakataa. Miguu ilirudi baadaye. Ulimi ulirudi, tena mkali kuliko mwanzo. Mkono ulirudi nusu tu: ulishika kijiko, lakini haukuweza kukandamiza kitu. Akiandika kwa kalamu ya kawaida, karatasi ilibaki na mikwaruzo ya kuku. Kijiti cha tete nacho kinataka kuchovywa kila baada ya neno, na mkono ule ulikuwa ukifika kwenye kikombe unakimwaga. Baada ya kumwaga zafarani mara kadhaa alikifunga kile kijiti kwenye kitambaa, akakiweka juu ya kabati, asikitaje tena.

Miezi hiyohiyo Siraj alileta posa.

Walii wangu, yaani mtu wa kuniozesha, alikuwa baba, na siku ya nikaha walii hutia saini kwenye cheti. Watu walisema, kwani shida ni nini, si ataweka dole gumba tu? Walisema kwa wema. Baba aliwasikiliza hadi wakamaliza chai yao, wakaenda, kisha akaniita.

"Saudah," alisema, "pale mpakani niliona watu wazima banapakwa wino kwenye dole, sababu hawakusoma. Siwacheki. Lakini mimi nilisoma. Mutoto yangu sitamutoa na dole."

"Basi itakuwaje, baba?"

"Kama jina inanishinda, baba yako mudogo atakuozesha. Mimi nitakaa na wageni, nikule pilau."

Alikuwa hatanii. Haji Wahab akishasema, hata lori lake lenyewe lingejua hakuna kurudi nyuma, na alishamtumia ndugu yake habari. Mimi sikutaka kuozeshwa na baba mdogo, mtu ninayemwona Idi hadi Idi. Nilitaka baba yangu aniozeshe. Nilitaka hivyo kuliko nilivyomtaka hata Siraj, na Siraj nilishamwambia, hakununa.

Siku ya soko nikashuka Mpondwe, mpakani na Kongo. Huko nilimkuta Sosthène, Mkongomani aliyekuwa akivuka na tochi, vioo, viwembe na vikorokoro vingine vya Kichina, anavitandaza juu ya turubai. Nilimweleza mkono wa baba ulivyo. Hakunipa pole. Alipekua kisanduku, akatoa kalamu hii.

"Stylo ya bille, ile ya kawaida, inataka nguvu," alisema. "Hii hapana. Hii unaigusisha tu karatasi, inatembea yenyewe."

"Si ya Kichina hii? Itafika mwezi ujao?"

"Iko ya Chine, mama, lakini itakaa kama utaichunga. Kila semeni, kila wiki, unaiosha na maji ya baridi, hapana ya moto. Unatia wino ya chupa, hapana kitu ingine. Na hii lulimi ya mbele, hii ncha, usiingoe. Ukiingoa, usirudi kwangu."

Baba aliishika kama mtu aliyepewa kifaranga. Mstari wa kwanza ulitoka, wa buluu, umepinda, lakini umetoka, wala hakukandamiza. Akachora wa pili. Kisha akasema Wachina hawa, banange, wangekuwa Waislamu wangetushinda hata peponi.

Kuanzia hapo kila alasiri aliandika jina lake. Wahab. Wahab. Herufi zililala, zikaegemeana, mwishowe zikasimama. Vidole vyake vilikuwa vya buluu, mfuko wa kanzu yake ulikuwa wa buluu, na mimi Ijumaa niliiosha kalamu na kuijaza upya. Baba mdogo aliambiwa aje kama mgeni. Asubuhi ya nikaha niliijaza wino hadi juu, nikamkabidhi, nikaingia chumbani kupambwa.

Sikujua alichokifanya nilipogeuza mgongo.

Nikaha ilisomwa sebuleni kwetu. Sisi wanawake tulikuwa chumbani, pazia katikati, mimi nimekaa karibu kabisa na pazia nikiona kwa upenyo. Maneno yalikwenda vizuri. Siraj alijibu kwa sauti, shehe akaomba dua, cheti kikawekwa juu ya meza ndogo. Baba akafungua kalamu, akaigusisha karatasi.

Haikuandika.

Aligusa tena. Hakuna kitu. Aliitikisa, akajaribu pembeni mwa gazeti, gazeti likabaki jeupe. Baba mdogo alisogea kwenye mkeka. Shehe, mtu mwema na mwenye nikaha nyingine ikimsubiri, alifungua kikopo cha wino wa muhuri, akakisukuma polepole mbele ya baba.

"Haji, weka dole tu. Kwa Mungu ni sawasawa."

Baba hakukitazama kile kikopo. Alitazama pazia.

Bibi harusi hatoki wakati ule. Mashangazi walinishika, mmoja akasema "Loo! Una wazimu?" lakini nilikuwa nimeshasimama. Nikapita katikati ya wanaume wote wale na shela langu jeupe, nikapiga magoti mezani, nikaichukua kalamu mkononi mwa baba. Nikaichovya ncha kwenye glasi ya maji ya shehe. Sikuwa na kitambaa, nikaifuta kwa ukingo wa shela.

Shela likapata doa la njano.

Nikamtazama baba. Akainamisha macho. Kumbe alikuwa ameumwaga wino wangu wote wa buluu, akailoweka zafarani yake kwenye maji ya waridi, akaijaza kalamu. Mtu yeyote mwingine angejua kwamba zafarani ina machicha, kwamba kwenye kijitundu chembamba vile itaganda. Yeye maisha yake yote alikuwa ameandika kwa kijiti kisicho na tundu.

"Ile ya buluu iko ya ofisi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nikasema wewe nikuandikie na ile ya dawa."

Nilichovya tena, nikafuta tena, nikabana kipampu hadi tone likatokeza. Nikamrudishia. Aliandika jina lake lote na la baba yake, taratibu, herufi moja moja, hadi akamaliza. Lilikuwa la njano kama bizari.

"Haji," shehe alisema, "hii ni wino ya kombe. Itafutika."

"Wacha ifutike. Wewe umeona?"

"Nimeona."

"Basi."

Baba mdogo ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Nilirudi chumbani na doa langu. Shangazi alitaka kulisugua kwa sabuni, nikamkatalia.

Baada ya hapo kalamu ilikaa kwa baba, na alirudi kwenye wino wa buluu bila kuambiwa. Kila nilipokwenda Bwera niliiosha, nikibana na kuachia hadi maji yawe meupe. Cheti kiko hapa Kasese, kabatini. Njano ile ilififia ikawa kama chai iliyomwagika, na kwa sasa mahali pa walii ni patupu. Mtu asiyetujua angesema niliozeshwa na hewa.

Baba alifariki mwaka jana, mvua zikiwa zimeanza. Sikulia sana mbele za watu, mimi sivyo nilivyo. Tulipogawana nguo zake nilichukua kanzu yenye mfuko wa buluu, na kalamu ilikuwa ndani, imekauka kabisa. Niliiloweka, nikabana kipampu, buluu ikatoka, halafu maji yakagoma kupita. Nikabadilisha kikombe. Nikalikumbuka lile sharti la Sosthène, nikalivunja: nikaing'oa ncha.

Nyuma yake, kwenye vifereji vyembamba vya kipande cha plastiki nyeusi kinachopitisha wino, kulikuwa na ukoko wa njano. Miaka yote ile ya kuosha, maji yangu hayakuwahi kufika pale.

Nilikitia kipande kile kwenye maji safi. Hakikufanya haraka. Uzi mmoja wa njano ulijinyoosha, ukafuatwa na mwingine, mpaka kikombe chote kikageuka rangi. Niliyanusa yale maji, hayakunukia waridi wala kitu chochote. Jua lilikuwa limeshapanda, mteja alikuwa akigonga mlango wa duka, na ndoo ya maji machafu ilikuwa pale miguuni pangu.

Siraj aliingia akanikuta nimeshika kikombe kitupu, midomo imelowa.

"Unakunywa nini asubuhi hii?"

"Maji," nilisema, nikaenda kumfungulia mteja.