Punje za Kwenye Kichezeo

Mke wangu alikuwa na sheria moja bustanini: mbegu haimalizwi. Hata iwe nzuri vipi, bakiza konzi moja, ichanganye na jivu, iweke juu ya kabati. Mimi, fundi cherehani kwa miaka arobaini, nilikuwa namcheka. "Mama watoto, unaficha mahindi kama dhahabu!" Naye alikuwa akinijibu, "Wewe shona, mbegu niachie mimi."

Alipofariki nikaachiwa mimi. Msimu wa kwanza wa upweke wangu nilitaka bustani ya nyuma ya nyumba ijae, ajivune huko aliko. Nikapanda mbegu yote, hata ile konzi ya kabatini. Jivu nikalimwaga. Majuto ni mjukuu, na wangu alifika siku ya kuvuna: nilipomenya maganda, katikati ya punje nyeupe za mke wangu kulikuwa na za njano, hindi baada ya hindi.

Jirani yangu, mpima ardhi mstaafu, alikuwa amepanda mahindi ya kampuni ya mbegu ng'ambo ya ua. Upepo ulibeba unga wa mbelewele zake, yale maua ya kileleni, ukaumwaga kwangu. Siku moja alikuja na afisa wa kampuni hiyo, kijana mpole, shati lake limepindwa vibaya kwenye kola.

"Mzee, hizo za njano zina mbegu yetu ndani, na nyeupe za hindi hilo hilo hazina uhakika," akasema. "Kula tu, ruksa. Ila usizipande, sheria hairuhusu. Msimu ujao utanunua pakiti."

"Mmeingia kwangu bila hodi, halafu mwizi ni mimi?"

"Mimi nimetumwa tu, mzee wangu."

Nilizila wiki tatu, peke yangu, kwenye sufuria ya watu sita. Kampuni niliitukana mpaka nikachoka. Lakini jivu nililimwaga kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha, nikifuta vumbi kwenye rafu, nikagusa kopo dogo likalia. Kilikuwa kichezeo ambacho mke wangu alimtengenezea mjukuu wetu miaka mitano nyuma, akaziba mdomo wake kwa nta. Binti yetu alihamia mbali kabla mtoto hajakishika. Nilikaa nacho mezani siku mbili, nikikitikisa. Ndiyo sauti pekee ya mke wangu iliyobaki humu ndani. Siku ya tatu nikakata nta kwa mkasi. Punje tisa.

Nilizipanda, ukaota mche mmoja tu. Mahindi huzaana kwa kupeana unga, na wenzake wote walikuwa kwa jirani. Nikashona mifuko miwili ya kitambaa: mmoja wa kufunika mbelewele juu, mwingine wa ndevu za hindi chini, upepo usiniletee wageni. Kila asubuhi nilipanda kigoda, nikakung'uta unga, nikaupaka kwenye ndevu kwa kidole.

Jirani akachungulia. "Fundi, sasa unaushonea mmea suti?"

"Mmea huu una harusi," nikamjibu. Alicheka akaingia ndani kwake, kwa mkewe.

Hindi lilitoka dogo kama kidole gumba. Punje kumi na moja, zote nyeupe. Saba nitazipanda. Nne nimezichanganya na jivu, nikaziweka juu ya kabati.

"Mama watoto, nimebakiza," nikasema kwa sauti, nikasubiri anicheke. Kopo lilikuwa bado mezani. Nililitikisa, halikulia.