Tawi Lililohamishwa

Mama Usafi hakuwahi kuona uchafu akaupita. Jina hilo alipewa hospitalini, alikofagia wodi ya wazazi mpaka kichwa kikajaa mvi, na hata siku ya kustaafu aliagwa na wenzake huku mkononi ameshika ganda la ndizi aliloliokota getini. Mumewe alikuwa fundi bomba, na watu walimwita Fundi tu. Viinua mgongo vyao wote wawili walikuwa wamevitia katika nyumba moja ya mbao, katika kijiji alikoolewa dada yake Fundi, ndani kabisa ya msitu wa mvua. Wangeishi humo, na vyumba vya nyuma wangepangisha wageni wanaokuja kutazama ndege na kima.

Gari liliwafikisha mtoni, mtumbwi ukawavusha. Kabla ya kuingia mtumbwini Fundi alitanguliza mkoba wake wa vifaa, akautazama kwanza ukitulia. Ndiyo ilikuwa desturi yake, iwe ngazi au paa.

"Ukizama huo, mimi nimepona," akasema.

"Na mimi je, nitatangulizwa lini?" mkewe akamuuliza, na mpiga kasia akacheka.

Ng'ambo wakapokewa na wifi, dada yake Fundi, mwanamke mwembamba mwenye panga kiunoni. Fundi akawaambia watangulie. Yeye angengoja mabomba na sinki vivushwe, avifungie katika banda la pale mtoni, kisha afuate polepole na goti lake bovu. Wifi akamweleza kaka yake njia. Maelezo hayo Mama Usafi hakuyasikia, maana alikuwa ameinama majini anasugua tope la viatu, tope ambalo angelikanyaga tena kabla viatu havijakauka.

"Wifi, msitu wote huu utamaliza kuuosha lini?"

"Nikishamaliza kukuosha wewe," akajibu, wakaondoka wakitaniana.

Utani haukufika mbali. Humo ndani mchana ulikuwa kama jioni. Mvua haikunyesha, lakini majani yalidondosha maji tu, tone hapa, tone pale, kama mifereji mibovu. Kitu kilianguka mbali kwa kishindo, kisha kimya. Mama Usafi alizoea kuta. Mahali ambapo macho hayaoni ukuta wala mwisho, moyo wake haukujua ushike nini. Wifi naye alitembea kama mtu anayekwenda jikoni kwake, na kila penye kona alipotea.

Kwenye kona mojawapo Mama Usafi alisimama kumng'oa ruba kifundoni. Alipoinuka, wifi hayupo. Akaharakisha, akakuta njia pana, na katikati yake limelala tawi bichi lenye majani mengi. Akafikiri limeangushwa na upepo. Akafikiri pia goti la Fundi. Akaliburura, akalitupa kushoto, kwenye kile alichodhani ni kichaka, na majani yaliyobaki akayasukuma kwa kiatu mpaka njia ikapendeza.

Ndipo wifi akamwita, na sauti ikatokea kushoto. Kumbe kile hakikuwa kichaka, kilikuwa mdomo wa njia nyingine, nyembamba. Mama Usafi akainua gauni, akaliruka tawi, akafuata sauti. Hakuwaza lolote zaidi ya kumfikia mtu.

Nyumba waliikuta imara kuliko barua za wifi zilivyosema. Sakafu ya mbao ilikuwa juu ya nguzo, madirisha yana wavu, na chumba cha wageni kina vitanda vyenye harufu ya mti uliopasuliwa karibuni. Mama Usafi alishika fagio kabla ya kukaa. Alifagia chini ya vitanda, akafuta vizingiti, na kitambo kikapita. Mvua ikaanza, nzito, ikipiga bati mpaka wakawa wanasemeshana kwa kupaza sauti. Chai ya Fundi ikapoa chini ya kisahani.

Mama Usafi akauliza kama huyu mtu hajapotea. Wifi akamwondoa hofu. Njia panda ni moja tu, alisema, na yeye mwenyewe amekata tawi akalilaza.

"Tawi gani?"

"La kufunga njia. Huku ndivyo tunavyoachiana habari, wifi. Ukikuta tawi limelazwa, hiyo si njia yako. Nimelilaza kwenye ile pana, ya daraja la zamani. Daraja lile limeoza, hapiti hata mbuzi."

Fagio lilibaki mkononi mwa Mama Usafi. Alichoweza kutamka ni kwamba waende wakamtazame, sasa hivi, na alikuwa ameshaanza kushuka ngazi bila viatu.

Njiani mvua iliwapiga usoni. Safari hii wifi ndiye aliyeachwa nyuma. Mama Usafi alijikwaa kwenye mizizi, akainuka, akaita, na msitu ukameza jina kama shimo linavyomeza jiwe. Walipofika njia panda wifi alisimama kama aliyepigwa kofi. Tawi lilikuwa limeziba njia nyembamba. Ile pana ilikuwa nyeupe, safi, imefagiliwa, na kwenye tope lake zilikuwepo nyayo za buti kubwa, la kulia likiburuzwa kidogo.

"Nani kafanya hivi?" wifi akauliza. Kisha akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. Ni Mkata Mbao, jirani wa nyumba ile. Aliitaka ainunue yeye, hakuipata, na tangu hapo hakumsalimu wifi vizuri.

Mama Usafi alisikia kila neno. Akazifuata nyayo.

Mngurumo wa maji ulikuja kwanza, halafu bonde, halafu daraja. Hatua mbili tu kuingia darajani palikuwa na shimo, na ubao mmoja ulining'inia ukizunguka polepole. Mtu hayupo. Akaita tena.

"Nipo," sauti ikajibu.

Fundi alikuwa ameketi chini ya mti, upande huu, mgongo umekandamizwa kwenye shina kana kwamba ardhi bado ingemkimbia. Alikuwa ametanguliza mkoba, alisema. Aliusukuma mbele kwa fimbo yake, naye ameshaweka mguu mmoja kwenye ubao wa kwanza. Mkoba ukaenda na mbao zake. Hakuusikia hata kugonga maji.

Wifi akamwambia kuhusu tawi na kuhusu Mkata Mbao, na kwamba leo hii kijiji kizima kitajua. Fundi akatikisa kichwa. Basi nyumba na ibaki, alisema, yeye hawezi kulala jirani na mtu anayemtaka roho.

"Ni mimi," Mama Usafi akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Nililitoa mimi. Nilidhani limeanguka. Niliogopa utajikwaa."

Mvua iliendelea. Wifi akatazama chini, akaliweka panga vizuri kiunoni ingawa lilikuwa limekaa vizuri. Fundi alimtazama mkewe kama mtu anayetafuta bomba linavuja wapi.

"Na majani ukafagia," akasema.

"Nikafagia."

Akanyoosha mkono ainuliwe. Mkewe alimshika kwa mikono yote miwili, na hakumwachia mpaka njia panda.

Hapo aliwaomba wasimame. Akaliburura tawi mwenyewe, akalilaza kwenye ile pana, akatoka, akarudi kulisogeza, akatoka, akarudi tena. Hakuna aliyemtania. Walipoanza kushika njia nyembamba, nyuma yao, kule bondeni, kipande kingine cha daraja kilikatika, na safari hii walikisikia kikigonga maji.