Mtu wa Kwenye Mchoro

Mhandisi alimchora mtu mmoja tu katika mchoro wote, akampa urefu wa baba yake mzazi: mita moja na sentimita sitini na nane. Mtu huyo alisimama mbele ya kipimo cha presha, hana uso, na kazi yake ilikuwa kuonyesha ukubwa wa matangi. Kompyuta ilipoanza kulemewa, mhandisi alimficha, akamsahau.

Matangi yalikuwa mawili, ya ghala la maziwa. Mchana umeme wa jua ungeshindilia hewa humo. Jioni hewa ingefunguliwa izungushe mtambo, umeme urudi na maziwa yasiharibike. Tangi la kushoto alilichora kwa wiki tatu. La kulia alilipata kwa kubonyeza mara moja, kompyuta ikageuza la kwanza kama lionekanavyo kwenye kioo. Akajipongeza kwa chai.

Aliyeyaunga matangi ni huyo huyo baba yake, fundi wa kuchomelea kwa miaka thelathini na mmoja. Alizoea kupima kwa jicho, na jicho lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa na uongo mwingi. Lakini mwezi uliopita alisogeza bomba upana wa kiganja kwa sababu lilikaa vibaya, na binti yake akamwambia mbele ya karakana nzima, "Baba, wewe kazi yako kuchomelea. Kufikiri niachie mimi." Mzee alisema sawa. Tangu siku hiyo hakuongeza wala kupunguza hata unywele. Mafundi wakambandika jina la Mzee Milimita, naye akawa anamwita binti yake "mheshimiwa" hata wakiwa mezani nyumbani.

Jaribio la kuyajaza matangi maji, kuona kama yanavuja, lilipita salama. Asubuhi ya jaribio la hewa, mhandisi alifungua mchoro ili amchapishie mkaguzi nakala, akafichua kila alichokuwa amekificha. Yule mtu akatokea. Alikuwa palepale pa kusomea kipimo, na bomba la vali ya usalama la tangi la kulia, lile linalotema hewa presha ikizidi, lilikuwa limemwelekea usoni. La kushoto lilitemea uani. La kulia lilikuwa limegeuzwa, basi likatemea upande wa pili, na upande wa pili ndiko kulikokuwa na mtu.

Msomaji wa kipimo siku hiyo alikuwa Mzee Milimita. Mhandisi alikimbilia karakana na ndala zake za ofisini, moja ikabaki mlangoni.

Alimkuta anafuta vumbi kwenye kioo cha kipimo.

"Shikamoo, baba. Usiwashe."

"Marahaba, mheshimiwa."

"Bomba la vali limekuelekea wewe."

"Naam. Milimita mia nne na kumi kutoka ukingoni, kama ulivyoandika."

"Kwani uliliona?"

"Tangu Jumanne."

"Ukanyamaza?"

"Sikuulizwa."

Mafundi waliokuwa karibu walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nje. Mhandisi aliwaomba wasitoke. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani, lakini tusi la hadharani haliombewi radhi chumbani.

"Nimekosea mimi," alisema, sauti ikafika hadi kwa mlinzi. "Na siku ile nilikuvunjia heshima, baba. Naomba unisamehe."

Mzee aliinamisha kichwa mara moja kukubali, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa akiusubiri. "Haya. Nichoree upya, nikate."

"Kata unavyoona."

Akafumba jicho moja, akalitazama bomba kwa lile la pili, akatia alama ya chaki. Hakuomba rula. Ilipobaki kuwasha mashine ya kukatia, binti yake akamshika mkono wa shati.

"Ungesimama hapo kweli?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikuwa bado sijaamua," alisema, kisha akamwambia asogee, cheche zisimpate.