Neno Moja Katika Kitabu cha Bhoke

Nawaandikia akina mama wenzangu wenye mabinti walioolewa mbali. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwa hivyo mkiona nimekosea mahali, shikeni maana.

Mwaka wa tisini na nne, kitinda mimba wangu Bhoke alikuwa kidato cha nne hapa Migori. Walikuwa wakisoma riwaya ya zamani, kitabu cha mtihani, kimepita mikono mingi hadi jalada limeshonwa kwa uzi. Mwalimu aliwaambia kila mmoja achague neno, alitafute kitabu kizima, aseme nani anamwambia nani. Bhoke akachagua vumilia.

Wiki hiyo dada yake mkubwa, Jerusha, alikuwa amerudi kutoka Sindo. Huko ziwani ameolewa na Jeff, kijana wa mashua za kuvua omena, wale dagaa wadogo. Alirudi na mkono umefura, hawezi kuinua sufuria, na aliyeuumiza ni Jeff. Baba yao, Werema, alisema wakwe wanakuja Jumamosi kumchukua, na hataki maneno mengi.

Siku moja alasiri tulikuwa tukipukuchua mahindi, Bhoke akisoma kwa sauti.

"Mama, hapa tajiri anawaambia vibarua wavumilie baridi."

"Yeye mwenyewe analala wapi?"

"Ndani. Ana blanketi mbili."

Nikaweka punje moja upande mmoja wa ungo.

"Hapa shangazi anamwambia bibi arusi. Bibi arusi analia, shangazi anatafuna nyama."

"Huyo shangazi namjua," Jerusha akasema, na tukacheka. Tangu arudi hakuwa amecheka.

Bhoke akaendelea. Mgonjwa alimwambia mganga, kata tu, nitavumilia. Mume na mke walioishiwa chakula waliambiana, tuvumilie. Hizo punje niliziweka upande wa pili, kwa sababu aliyesema alikuwa ndani ya shida yenyewe. Tulipofika mwisho, upande huo ulikuwa na punje chache. Ule mwingine ulikuwa umejaa watu walioshiba.

Jerusha aliangalia ungo. "Jumamosi wewe utakaa upande gani, mama?"

Nilimwagia kuku punje zote.

Wakwe zetu ni Waluo na sisi ni Wakuria, lakini katika hili tunaelewana. Wageni waliokuja kumfuata mke wakishakula ugali wa mama yake, kesi imeisha. Mtoto anafunga nguo zake anawafuata. Ndiyo maana mama anapikishwa mapema, kabla mtu hajauliza kitu.

Jumamosi alikuja Mzee Omuga, baba mdogo wa Jeff, na wazee wenzake wawili. Jeff alibaki Sindo. Niliwapa chai.

"Mama Jerusha," mzee akasema kwa upole, "kijana wetu ana hasira, hata sisi tunajua. Mwambie tu mtoto avumilie. Atatulia."

"Kweli kabisa," Werema akasema. "Mama, kuku iko wapi?"

"Iko nje, inatembea."

Mzee mmoja akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Na ugali?" Werema akauliza.

"Moto sijawasha, Baba Jerusha."

Mzee Omuga akaweka kikombe chini. "Unatufukuza, mkwe wetu?"

"Sijawafukuza. Chai iko, nitaongeza. Ugali sipiki. Jeff aje mwenyewe, akae hapo ulipokaa, auone huu mkono, aseme alichofanya. Siku hiyo nitapika, na kuku nitachinja."

Werema alinitazama kama mtu wa nyumba nyingine. Nilichukua birika nikawaongezea chai. Mzee Omuga alimwita Jerusha, akaugeuza ule mkono polepole, akauangalia kwa muda.

"Hii hatukuambiwa," akasema kwa sauti ndogo.

Walimaliza chai, wakatuaga vizuri, wakaondoka bila Jerusha.

Werema alikula kwa kaka yake majuma kadhaa. Jeff hakuja mwezi huo, wala uliofuata. Mkono ulipona, ila kidole kimoja hakikunjiki mpaka leo, na Jerusha yuko hapa nyumbani, anashona nguo za shule.

Ninyi mnaoharakishwa kupika na wageni wenye njaa, mwangalieni mtoto kwanza, mwili wote, ndipo mshike unga.